Kabureta Inayoziba Kila Mara: Kuisafisha Yote au Kupitisha Waya?

Msomaji mmoja, dereva wa bodaboda wa Arua, Uganda, anayeendesha pikipiki aina ya Bajaj Boxer 100, ameniandikia hivi kwa kifupi. Pikipiki yake huzimika kila anapofika kwenye makutano na kuachia mkono wa mafuta. Asubuhi haiwaki mpaka avute choki, na choki ikirudishwa injini inakata. Fundi wa steji yao hufungua bakuli la kabureta, hupitisha uzi wa waya wa klachi ndani ya jeti, hupuliza kwa mdomo, na kazi huisha kabla chai haijapoa. Pikipiki hupata nafuu kwa siku chache, kisha ugonjwa hurudi. Fundi wa pili amemshauri apanue jeti kidogo ili isizibe tena, na wa tatu amemwambia aitupe kabureta hiyo anunue mpya. Anauliza amsikilize nani, na kama kusafisha kabureta yote kunastahili kumpotezea asubuhi nzima ya kazi.

Ndugu yangu, kwa dalili ulizozieleza, hakuna hata mmoja kati ya hao watatu ambaye ningekushauri umfuate kwa sasa. Kabureta yako ina kila uwezekano wa kupona, lakini inahitaji kufunguliwa yote na kuoshwa kwa utaratibu. Zaidi ya hapo, unahitaji kutafuta uchafu unatoka wapi, kwa sababu kabureta haizalishi uchafu bali hupelekewa. Jambo la kwanza kabisa ni kumwomba fundi wako, kwa heshima anayostahili, asiingize tena waya wa chuma ndani ya jeti, na nitaanza na hilo kwa kuwa huenda limeshakuharibia kitu.

Jeti ni kipande kidogo cha shaba ya njano chenye tundu katikati, na tundu hilo ndilo kipimo cha petroli inayoruhusiwa kuingia kwenye injini. Katika pikipiki ndogo kama yako, tundu la jeti ndogo, ile inayolisha injini ikiwa inanguruma kwa mlio wa chini, kwa kawaida halifiki nusu milimita. Waya wa klachi ni chuma kigumu, na shaba ni laini mbele yake. Chukua mfano wa tundu lenye kipenyo cha milimita 0.40. Waya ukilikwangua mpaka likafika 0.45, hakuna jicho litakaloona tofauti hiyo, lakini eneo la tundu limekua kwa zaidi ya asilimia 26, kwa sababu eneo hufuata mraba wa kipenyo. Kuanzia hapo pikipiki inakunywa petroli nyingi kuliko ilivyokusudiwa kila inaposimama kwenye taa au kusubiri abiria, plagi inakuwa nyeusi, na fundi anaanza kuzungusha skrubu za kabureta kutafuta mpangilio ambao haupo tena. Uchafu uliomo ndani ya jeti unaweza kuondolewa, lakini shaba iliyokwanguliwa hairudishwi.

Ushauri wa fundi wa pili ni kosa hilo hilo, isipokuwa yeye anataka kulifanya kwa makusudi. Jeti haizibi kwa sababu tundu lake ni dogo. Inaziba kwa sababu kuna kitu kinachofika pale ambacho hakikupaswa kufika. Ukipanua tundu, chembe ndogo zitapita na kubwa zitakwama vile vile, na wewe utakuwa umejiongezea gharama ya petroli kila siku ya maisha ya pikipiki hiyo. Kwa mtu ambaye faida yake ya siku ni kile kinachobaki baada ya kujaza tangi, huo ni ushauri mbaya kabisa.

Sasa tuangalie kwa nini dalili zako zinaelekeza kwenye jeti ndogo, maana ukielewa hili hutadanganywa kirahisi. Kabureta ya slaidi, yaani yenye kipande kinachopanda na kushuka ndani yake kadiri unavyovuta mkono wa mafuta, hulisha injini kwa njia tatu zinazopokezana. Mkono wa mafuta ukiwa umeachiwa, au umevutwa kidogo tu, petroli hupita kwenye jeti ndogo na vijia vyake. Ukivuta kutoka robo hadi robo tatu, kazi kubwa hufanywa na sindano ndefu iliyofungwa kwenye slaidi, ambayo hupanda na kuacha nafasi zaidi kadiri unavyovuta. Ukivuta mpaka mwisho, mwenye uamuzi ni jeti kubwa. Kwa hiyo pikipiki inayozimika ukiachia mkono lakini inakwenda vizuri ukiwa katika mwendo ina tatizo katika njia ya kwanza, ile inayotulia kwenye mlio wa chini lakini inakosa nguvu kwenye mlima ichunguzwe upande wa jeti kubwa, na ile inayomwaga petroli chini imesimama ina tatizo la boya, lile linaloelea ndani ya bakuli, au la sindano yake fupi inayofunga petroli bakuli likijaa. Choki nayo ni shahidi mzuri. Kuvuta choki ni kuongeza petroli dhidi ya hewa, na injini iliyokwisha kupata moto ambayo bado inaidai choki inasema kwamba petroli haiifikii ya kutosha, au kwamba kuna hewa ya ziada inayoingia mahali pasipostahili.

Hiyo hewa ya ziada lazima uiondoe kwenye orodha kabla hujagusa kabureta, kwa sababu wapo madereva wengi waliosafishiwa kabureta mara kwa mara kumbe shida ilikuwa mpira au kiungo kinachounganisha kabureta na injini, kilichopasuka au kulegea. Washa injini, kisha nyunyizia maji kidogo yenye sabuni kuzunguka kiungo hicho. Mlio ukibadilika, umeipata njia ya hewa. Wengine hufanya jaribio hili kwa petroli, jambo ambalo silikubali hata kidogo karibu na injini yenye moto. Angalia pia plagi, na umwombe fundi apime nafasi ya vali, kwani vali iliyobana kupita kiasi huleta kuzimika kunakofanana sana na kwa kabureta. Mambo haya matatu hayachukui muda mrefu, na mara nyingine ndiyo yanayomaliza kesi.

Baada ya hapo, fanya jaribio moja ambalo halihitaji chochote isipokuwa bisibisi na gilasi safi ya kioo. Funga koki ya petroli, weka gilasi chini ya kabureta, na ufungue skrubu ya kumwagia iliyo chini ya bakuli. Acha petroli yote ishuke kwenye gilasi, kisha iweke mahali patulivu kwa dakika chache na uitazame kwenye mwanga wa jua. Maji ni mazito kuliko petroli, kwa hiyo hukaa chini kama shanga inayotembea peke yake ukiinamisha gilasi. Kutu ya tangi ni chembe za rangi ya kahawia iliyokolea, nzito, zinazokaa chini upesi. Vumbi la barabara za murram ni laini zaidi na jekundu, na huchafua petroli kwa muda kabla ya kutulia. Ukiona vipande vyeusi vinavyojipinda, hivyo ni mpira, na mara nyingi vinatoka kwenye bomba la petroli ambalo limezeeka kwa ndani. Gilasi hiyo itakuambia mengi kuliko mafundi watatu waliosimama kuizunguka pikipiki, maana itaonyesha chanzo, na chanzo ndicho ambacho hakuna hata mmoja wao aliyekitafuta.

Hapo pia ndipo utakapoelewa kwa nini njia ya fundi wako inaleta nafuu ya siku chache. Anapofungua bakuli anamwaga maji na matope yaliyokuwa chini, na waya wake unatoboa njia katikati ya uchafu ulioziba. Pikipiki inapata pumzi. Lakini kuta za jeti zimebaki na uchafu, vijia vilivyo nyuma ya jeti havijaguswa, na tangi linaendelea kushusha kilekile. Kwa pikipiki inayolala muda mrefu bila kutumika, kinachoziba zaidi ni utando wa rangi ya asali unaobaki petroli nyepesi inapokauka ndani ya bakuli na iliyobaki ikaharibika kwa hewa. Kwa pikipiki inayofanya kazi kila siku kama yako, natazamia zaidi kutu, maji na vumbi.

Kuisafisha ipasavyo ni hivi. Chagua mahali penye hewa na pasipo na moto. Ninalisisitiza hili kwa sababu karakana nyingi za kando ya barabara zinapakana na sigiri ya mkaanga chapati, na mvuke wa petroli ni mzito kuliko hewa, hutambaa chini mpaka uufikie moto. Kabla ya kufungua chochote, osha kabureta kwa nje na uikaushe, la sivyo vumbi la nje litaingia ndani wakati wa kufungua. Funga koki, chomoa bomba, toa slaidi pamoja na waya wake bila kukunja sindano, kisha uiondoe kabureta kwenye pikipiki. Kuisafisha ikiwa bado imening'inia kwenye injini ndio mwanzo wa kazi nusu.

Ukishaiweka juu ya kitambaa cheupe, ambacho kitakuonyesha kila kinachoanguka, anza na skrubu ya mchanganyiko, ile ndogo ya ubavuni. Usiitoe moja kwa moja. Kwanza ikaze taratibu mpaka ikae, bila nguvu, huku ukihesabu imezunguka mara ngapi na nusu ngapi, na uandike hesabu hiyo kwenye karatasi. Ukiikaza kwa nguvu, ncha yake nyembamba huumia na kuumiza kiti chake, na mlio wa chini hautapatikana tena kwa kabureta hiyo. Ikishatoka, tazama kama ina springi, washa ndogo na mpira wa duara. Mpira ule ni mdogo mno na hupenda kubaki ndani ya tundu, na ukiusahau humo ukapuliza hewa, utaruka usionekane tena.

Kisha fungua bakuli. Chomoa pini ya boya kwa upole, maana nguzo zinazoishika huvunjika zikigongwa, na utoe boya pamoja na sindano yake. Itazame ncha ya sindano hiyo kwa karibu: ikiwa imechimbika mduara pale inapokutana na kiti chake, inunuliwe mpya. Kuisugua kwa msasa, kama wafanyavyo wengine, ni kuondoa hata ule uso mchache uliokuwa unaziba. Fungua jeti kubwa na jeti ndogo kwa bisibisi inayojaa sawasawa kwenye mfereji wake, kwa sababu bisibisi nyembamba hupasua kichwa cha jeti, na jeti ndogo iliyopasuka kichwa huku ikiwa imekwama ni mojawapo ya sababu chache za kweli zinazomfanya mtu alazimike kununua kabureta nyingine. Chini ya jeti kubwa kuna bomba fupi lenye vitundu vya ubavuni. Nalo litoke, maana vitundu vile huziba bila mtu kujua.

Loweka vipande vya chuma kwenye petroli safi au kwenye dawa ya kusafishia kabureta inayouzwa kwenye makopo. Sehemu za mpira zisiingie kwenye dawa hiyo, kwa sababu huvimba na kukataa kurudi mahali pake. Mwili wa kabureta umetengenezwa kwa aloi ya zinki au ya alumini, na aloi hizo huliwa na asidi, kwa hiyo usishawishike na wanaoshauri kuichemsha kwa ndimu au siki. Itatoka ikiwa inang'aa na huku kuta zake za ndani zimekwaruzwa na asidi, tayari kushika uchafu upesi kuliko mwanzo.

Kwa jeti iliyokaidi, tumia unywele mmoja wa brashi ya plastiki. Ukikosa, chukua uzi mmoja mwembamba wa shaba nyekundu kutoka ndani ya waya wa umeme wa kawaida, ambao ni laini kuliko jeti yenyewe, na uutumie kwa kusukuma polepole tu, bila kuzungusha wala kusugua. Ukikataa kupita, rudisha jeti kwenye dawa iendelee kulowa. Kisha inyanyue kwenye mwanga na uangalie: tundu lililo safi huonekana kama nukta ya duara kamili yenye ukingo mkali. Ukiona nukta yenye pembe, iliyobonyea upande mmoja, au yenye kivuli, kazi haijaisha, au waya wa klachi umeshafanya madhara na jeti hiyo inatakiwa kubadilishwa na nyingine yenye namba ileile. Namba imechongwa ubavuni au kichwani mwa jeti. Isome kabla ya kwenda dukani, na usikubali namba ya jirani kwa kuwa muuzaji ameishiwa.

Sehemu ambayo karibu kila mtu mwenye haraka huiruka ni vijia vilivyomo ndani ya mwili wa kabureta. Petroli ikishapita jeti ndogo haiingii kwenye injini moja kwa moja. Inasafiri kwenye kijia chembamba, inachanganyika na hewa, na kutokea kwenye kitundu kimoja au viwili vidogo mno karibu na ukingo wa chini wa slaidi. Jeti inaweza kung'aa kama mpya huku kijia kimeziba, na hapo ndipo mtu anapoapa kwamba amesafisha na bado pikipiki inazimika. Vaa miwani, ingiza mrija wa dawa kwenye tundu ilimokaa jeti ndogo, na unyunyizie huku ukitazama: dawa inatakiwa kutokea kwenye vitundu vile vya ukingoni, na pia kwenye tundu la skrubu ya mchanganyiko. Ziba kimoja kwa kidole, kingine kitoe kwa nguvu zaidi. Rudia kutoka upande wa pili, kisha umalizie kwa hewa ya kompresa. Miwani si pambo, kwa sababu dawa hutokea mahali usipopatazamia na hulenga uso wa aliyeinama kutazama. Hewa ya kompresa isitumike kamwe kabureta ikiwa imefungwa na boya limo ndani, kwani boya linaweza kupondeka au kuingiwa na petroli, na likishaingiwa halielei tena.

Wakati wa kurudisha, gasketi ya bakuli ikiwa imekauka au imevimba inunuliwe nyingine, na jeti zikazwe kwa kiasi, si kwa nguvu za mkono wote. Kabla ya kufunga bakuli, unganisha kipande cha bomba safi na kikavu kwenye mlango wa petroli, uipindue kabureta ili boya liilalie sindano, na upulize kidogo. Hewa isipite. Iweke wima boya lishuke, na hewa ipite. Jaribio hili la dakika moja linazuia kabureta inayovuja, na kabureta inayovuja si hasara ya petroli peke yake. Petroli inayofurika usiku koki ikiwa wazi inaweza kupita mpaka kwenye injini na kuchanganyika na oili, na oili iliyoingiwa na petroli hailindi chochote. Ukichomoa kijiti cha kupimia oili ukasikia harufu ya petroli, au ukaona kiwango kimepanda bila kuongezwa, mwaga oili hiyo kabla ya kuwasha.

Rudisha skrubu ya mchanganyiko kwenye hesabu uliyoiandika. Washa, acha injini ipate moto kabisa, kisha uizungushe taratibu kutafuta mahali ambapo mlio ni wa juu na wa utulivu zaidi, ndipo ushushe mlio kwa skrubu ya slaidi. Pikipiki nyingi za ukubwa huo hutulia kati ya mizunguko 1,300 na 1,500 kwa dakika. Tahadhari moja: kama skrubu ya mchanganyiko iko upande wa injini, kwa kawaida hupima petroli, na kuifungua ni kuongeza petroli. Ikiwa upande wa chujio la hewa, hupima hewa, na kuifungua ni kupunguza petroli. Mafundi wawili wanaweza kubishana siku nzima kuhusu jambo hili na wote wawili wakawa sahihi, kila mmoja kwa kabureta anayoifahamu.

Hapo kabureta imekwisha, lakini kazi haijaisha. Kama gilasi yako ilionyesha kutu, tangi lishushwe, koki itolewe na wavu wake usafishwe, na tangi lisuuzwe kwa petroli mpaka kinachotoka kiwe safi. Kutu nzito huondolewa kwa kulijaza siki na kuliacha usiku kucha. Tofauti na kabureta, tangi la chuma linavumilia asidi hiyo, mradi baada ya hapo lisuuzwe kwa maji yenye magadi, likaushwe juani mara moja, na kuzungushiwa oili kidogo ndani ili kutu isirudi kabla hujalijaza. Tangi tupu lililotoka petroli limejaa mvuke unaolipuka, kwa hiyo lisisogezwe karibu na moto wala mashine ya kuchomelea. Kutu hupenda zaidi tangi linalolala karibu tupu, kwa kuwa unyevu wa usiku hujikusanya kwenye kuta zisizofunikwa na petroli. Najua si kila dereva anayeweza kulaza pikipiki ikiwa na tangi nusu, lakini anayeweza na afanye hivyo. Maji yakiwa ndiyo yaliyoonekana kwenye gilasi, kagua mpira wa kifuniko cha tangi, hasa kama pikipiki hulala nje wakati wa mvua.

Petroli yenyewe pia iulizwe. Arua ni mji wenye historia ndefu ya petroli ya madumu kando ya barabara, na wazee wa hapo wanawakumbuka vizuri Opec Boys, vijana waliokuwa wakiuza petroli hiyo ya magendo. Simlaumu mtu anayenunua chupa moja ili afike steji. Ila dumu lililowahi kubeba mafuta mengine, au lililokaa wazi kwenye vumbi, linaishia kwenye bakuli lako. Ukishuku petroli imechanganywa na mafuta ya taa, dondoshea tone kwenye karatasi nyeupe na uiache kivulini. Petroli safi hukauka karibu yote, na mafuta ya taa huacha doa la grisi linalokawia. Kisha weka chujio dogo la plastiki linaloonyesha ndani kati ya koki na kabureta, lile la pikipiki, si la gari, kwa kuwa chujio la gari lenye pampu linaweza kuzuia petroli inayoshuka kwa uzito wake tu. Chujio la hewa nalo lisafishwe mara nyingi zaidi kwenye barabara za vumbi kama zile za kuelekea Rhino Camp, na lisiondolewe kwa sababu yoyote ile. Pikipiki isiyo na chujio inavuta mchanga mpaka kwenye pistoni.

Njia nyingine za mkato nitazitaja upesi. Kugonga bakuli kwa mpini wa spana huweza kuachisha sindano ya boya iliyokwama, na kukikufikisha nyumbani ni sawa, lakini si tiba. Kupandisha mlio wa chini ili pikipiki isizimike kunaficha ugonjwa na kula petroli. Kutembea na choki imevutwa ni kubaya zaidi, kwa kuwa petroli ya ziada husafisha oili kwenye kuta za silinda na kuchakaza ringi. Kuvuta petroli kwa mdomo kupitia bomba kuachwe kabisa, hata na wale waliozoea, maana tone likiingia kwenye mapafu badala ya tumbo linaweza kumlaza mtu hospitali, na hata kumuua.

Kuhusu fundi wa tatu, kuna hali ambazo angekuwa na haki: slaidi iliyochakaa mpaka inacheza ndani ya nyumba yake na kugongagonga, kiti cha sindano kilichoharibika ambacho hakitolewi, uzi wa skrubu uliokwisha, au mwili uliopasuka. Usipoona dalili hizo, usinunue. Kabureta za bei rahisi zinazofanana kwa sura na ile iliyokuja na pikipiki mara nyingi huwa na jeti za namba nyingine na slaidi isiyosawazishwa vizuri, nawe utaanza safari mpya ya kurekebisha. Kwa kesi yako, nunua jeti ndogo mpya ya namba sahihi, gasketi ya bakuli na, ikibidi, sindano ya boya.

Kuhusu asubuhi unayoogopa kuipoteza, nakuelewa, maana asubuhi ndiyo yenye abiria. Panga kazi hii alasiri ya siku yenye wateja wachache, uache vipande vilowe usiku, na mmalize alfajiri. Ongea na fundi wako wa steji kwanza, na umwambie wazi kwamba utamlipa kwa muda wake, si kwa kufungua na kufunga tu. Mafundi wengi hufanya haraka kwa sababu wateja wao hulipia haraka, na akilipwa vizuri huenda akawa yule yule atakayeifanya kazi hii kwa ustadi. Kaa naye, na ile gilasi iwe mkononi mwako.

Baada ya wiki moja ya kazi, fungua tena skrubu ya kumwagia na utazame kinachotoka, kisha ufungue plagi. Ncha yenye rangi ya kahawia hafifu ni nzuri. Nyeusi yenye masizi makavu inasema petroli bado ni nyingi, na hapo jeti iliyokwanguliwa au sindano ya boya ndiyo ya kushukiwa. Nyeupe kabisa inasema petroli ni chache, urudi kwenye vile vijia karibu na slaidi na kwenye kile kiungo cha injini. Gilasi ikitoka safi na plagi ikawa na rangi yake, usiifungue kabureta hiyo tena mpaka itoe dalili yenyewe.